Mshono wa Ndani

Mhandisi huchora kwa ajili ya mkono asioujua. Dada yeye alichora kwa ajili ya mkono wa Kijiti, kitinda mimba wa kwao, na hapo ndipo alipokosea.

Kijiti alikuwa fundi wa kuchomelea, mwembamba hata mama yao akimkataza kusimama kiubavu, asije akapotea. Dada alipobuni viungo vya daraja la chuma, aliacha vyuma viwili vya mshazari vikutane karibu mno. Ndani ya ile pembe kulikuwa na mshono wa kuchomelea ambao mkono wa fundi wa kawaida haukuufikia. Wa Kijiti uliufikia.

“Dada, umenichorea mtego wa panya!” alilalamika huku akicheka, bega zima limezama ndani ya chuma.

“Chomelea, acha maneno. Wembamba wako ndio unaokulisha.”

Nusu ya daraja ikasimama. Kisha homa ikamchukua Kijiti, ghafla, bila hata kuaga, na nusu ya pili ikabaki vipande sakafuni mwa karakana.

Mafundi wengine waliujaribu ule mshono. Walitoka na mikono iliyochubuka, na chuma hakijashika. Msimamizi akamfuata Dada ofisini.

“Pole, dada yangu. Lakini panua hiyo pembe. Hakuna mwingine wa kuufikia.”

Dada akajitia hamnazo. Akasema atafikiria, utadhani fundi wake yuko likizo. Maadamu mchoro ulikuwa vilevile, nafasi ya mdogo wake ilikuwa bado inamngoja. Kuubadili ni kumzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wanangoja kuvuka.

Akapiga hesabu upya. Akavitenganisha vyuma, akakuza bamba la kiungo, akauleta mshono nje. Alichora huku anaumia.

Fundi mpya, pande la mtu, alipomaliza kiungo cha kwanza alivua kinyago akamgeukia kwa furaha.

“Ahsante, dada. Sasa hiki mtu yeyote anakiweza.”

Alisema kwa nia njema. Dada akaitikia kwa kichwa, akasogea, akapitisha mkono wake kwenye ile pembe. Ukapita wote mpaka begani, haukugusa kitu. Akalia palepale, mbele ya mafundi.