Nani Kakuangushia Ukuta

Librado Anguizola alipomkumbatia mbele ya kamera, Casimira alisikia harufu ya poda, ile wanayopakwa waigizaji shingoni jasho lisimeremete. Alibana pumzi kama mtu apitaye kando ya pipa la vichwa vya samaki, akangoja aachiwe.

"Huyu ni dada yangu," Librado aliwaambia wapiga picha. "Tumekula sahani moja."

Ni kweli walikula. Lakini mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na aliyezaliwa tumbo moja na Casimira alikuwa Eudoro, aliyefia chini ya ukuta siku kampuni ya majumba ilipoleta tingatinga mtaani Santa Casilda na watu bado wamo ndani ya nyumba. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, Librado, wakati huo kijana mwembamba wa viatu vya kuazima, alitunga wimbo. Kiitikio chake kilikuwa swali: Eudoro, nani kakuangushia ukuta? Casimira ndiye aliyekiitikia kwenye santuri, sauti imempasuka kwa kilio, na Panama nzima ikacheza huku inafuta machozi.

Wimbo huo ndio uliomtoa Librado. Ulimfikisha New York, ukamtia kwenye filamu, kisha kwenye tamthilia alimokuwa padri mwenye mtoto wa nje, akilia kila Alhamisi mpaka wanawake wanaunguza wali jikoni. Sasa alitaka umeya. Na bia ya bure, jukwaa na mifuko ya mchele yenye sura yake vilitoka wapi? Kwa kampuni ileile ya majumba. Mtaa mzima ulijua. Santa Casilda hata paka hazai bila majirani kumjua baba.

Nyuma ya jukwaa Librado aliinua uso apakwe poda nyingine.

"Kiitikio tumekigeuza kidogo, Casi. Leo mnaitikia, 'Librado, tujengee ukuta.' Kinaingia palepale, kwa mapigo yaleyale."

"Ukuta upi?"

"Nyumba, mama. Matumaini."

"Nyumba tulikuwa nazo. Zilivunjwa na hao wanaokununulia poda."

"Usinifukulie ya kale. Eudoro angefurahi."

"Eudoro hakukupenda. Alisema unaimba vizuri ila sahani yako huioshi."

Librado alicheka kwa meno yote, meno mapya, meupe kama vigae vya bafuni. "Bila wewe hawataniamini. Unajua."

Alijua, na hapo ndipo nyongo ilipompanda. Alikuwa ameitwa kama pilipili inavyoitwa kwenye nyama iliyochina, ifiche harufu. Angekataa, wangemweka msichana mwingine, na jina la Eudoro lingefutika mbele ya mtaa wake mwenyewe. Akachukua vijiti vyake viwili vya kugongea mapigo, akapanda.

Santa Casilda ina sheria yake kwa waimbaji. Kiitikio kikishaanza, mwimbaji hutoa maneno ya papo kwa papo kila kinapomrudia. Waitikiaji wakikigeuza njiani, haruhusiwi kusimamisha bendi. Lazima ajibu alichoulizwa. Asiyejibu hutupiwa maganda ya machungwa. Ujanani, Librado hakuwahi kuguswa na ganda.

Tarumbeta zilipoita, Casimira alifumbua kinywa: "Eudoro, nani kakuangushia ukuta?"

Waitikiaji wenzake, wazee wa kazi, wakamfuata kwa mazoea. Baada ya kidogo, roshani zote zikadaka, chupa mkononi.

Librado alitupa macho kwenye kioo kilichokuwa miguuni pake, kinachomwandikia maneno. Kioo kilikuwa na habari za maji na taa. Akaimba maji. Swali likarudi. Akaimba taa. Swali likarudi, zito zaidi. Akafungua kinywa, akakifunga. Akamtazama Casimira kama alivyomtazama zamani, njaa imewauma wote wawili, na kwa kitambo Casimira aliamini kabisa kwamba atalitaja jina la kampuni. Lilitakiwa jina hilo tu.

Librado akashusha kipaza sauti kifuani, akageuzia kamera uso, na chozi likamtoka. Jicho la kushoto. Lilelile la padri wa Alhamisi.

Roshani zikalipuka kwa makofi.

"Maskini, bado anamlilia," alisema Benilda, jirani yake Casimira, akipenga kamasi kwa ukingo wa gauni. "Huyo ndiye mwanamume."

Librado akaja kumkumbatia tena. Shavu lake lilimgandia Casimira, poda na machozi vimekuwa uji. Casimira alijinasua, akatia vijiti mkobani, akashuka. Bendi bila vijiti ikajikwaa kama mlevi kwenye ngazi, na kwa zile kelele hakuna aliyesikia.

Chini, mzee Nicanor alikuwa anacheza dhumna.

"Hakujibu," alisema bila kuinua macho.

"Wewe umesikia."

"Nimesikia, binti yangu. Lakini bia yao nimekunywa." Akainua chupa. "Na ya baridi, ukweli usemwe."

Nyumbani Casimira alijisugua shavu kwa sabuni ya kufulia mpaka likawaka. Benilda akaingia bila hodi, mifuko miwili ya mchele kwapani.

"Shoga, na wako nimekuchukulia."

"Utampa kura?"

"Alivyolia vile? Nani atamnyima?"

Casimira alitoka kwenda roshanini, akainama, akatema mate. Yaliangukia bango la Librado ukutani chini, chini kidogo ya jicho, yakateremka taratibu shavuni kama chozi. Na mwanamke aliyekuwa akipita na mfuko wake wa mchele akasimama, akalitazama bango lile, akashika moyo.