Ukurasa wa Merryn Chini ya Fur Tor

Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata masikio, na Ambrose Luscombe hakuwa ameacha kuongea tangu tulipoegesha gari. Rafiki yangu huyu hunyamaza akiwa na pai mdomoni tu.

"Hedley, miguu hiyo umeiazima? Irudishe kwa mwenyewe, bwana, imechoka."

"Tembea. Nani alikuita?"

"Hukuniita. Nimekuja ili ukidondoka nijue pa kuwaelekeza watu wakuokote."

Nilikuwa nafuata dira kuelekea Fur Tor, kilima cha majabali kilicho ndani kabisa ya nyika ya Dartmoor, ambako hakuna njia, ni tope tu lililoganda juu na kulegea chini. Kwenye majabali yale kuna sanduku la plastiki lililofichwa, lenye muhuri wa mpira na daftari la wageni. Anayelipata hupiga muhuri wa sanduku kwenye kitabu chake, hupiga muhuri wake mwenyewe kwenye daftari, kisha hulirudisha chini ya jiwe kwa ajili ya mwingine. Nimefanya hivyo miaka thelathini. Nina mihuri elfu nne na ushee, na siku hizi naona haya kuitaja hesabu hiyo.

Ndiyo iliyonigombanisha na binti yangu. Siku mama yake alipokata roho, mimi nilikuwa huku nimepiga magoti kwenye majani makavu, natafuta sanduku. Merryn aliniambia makaburini, mbele ya watu, "Baba, si bora ungeyaoa hayo masanduku yako?" Nikampandishia sauti. Tukanuniana karibu miaka miwili, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Desemba gari lake liliteleza kwenye barafu, na sasa sina wa kumngoja.

Baada ya mazishi yake nilipewa kitabu chake cha mihuri. Sikujua kwamba alikuwa bado anatembea nyikani, ingawa mimi ndiye niliyemfundisha akiwa na miaka sita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na muhuri wa Fur Tor, tarehe tatu Septemba, na pembeni ameandika: "Nimemwandikia Baba kwenye daftari. Mdomoni hayatoki. Atapita tu, yeye hapitwi na sanduku."

Na kweli nilipita. Nilipita Oktoba, siku ya mvua, na sikuona kitu.

"Kwani hukulisoma daftari?" Ambrose aliniuliza tulipojibanza kwenye ukuta wa mawe ulioporomoka.

"Nililifungulia ndani ya koti lisilowe. Nikapapasa, nikapiga muhuri, nikafunga. Nilikuwa na masanduku mengine matano ya kumaliza kabla ya giza."

Ambrose akanimiminia chai.

Nilitaka jambo moja tu, nijue mwanangu aliniandikia nini. Hata kama ni matusi. Matusi ya Merryn ningeyapokea kwa mikono miwili.

Tulilipata jiwe saa saba mchana. Niliingiza mkono, nikalivuta sanduku, nikashangaa uzito wake. Kifuniko kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kimebana ncha ya mfuko wa nailoni wa kuhifadhia daftari. Ndani ilikuwa barafu tupu, na daftari limegandia humo.

"Mshenzi gani huyu!" nilifoka. "Mtu mzima hajui kufunga sanduku! Nikimjua, wallahi nitamtia adabu!"

"Taratibu, Hedley. Tulitoe kwanza."

Alimwaga chai iliyobaki juu ya barafu, nami nikachokoa kwa kisu. Kisha nililiweka daftari kifuani, chini ya shati, nikatetemeka nalo hadi likalegea. Kurasa zilifunguka kwa shida. Wino wa mihuri haukuwa umedhurika na maji, lakini wa kalamu ulikuwa umekwenda wote. Kwenye ukurasa wa mwisho uliotumika kulikuwa na mihuri miwili. Juu ni ndege mdogo wa Merryn, aliyemchonga kwa mkono wake. Chini yake doa la buluu, kubwa kuliko kiganja changu. Na chini ya doa, safi kabisa, muhuri wangu wenye jina langu.

Baada yangu kurasa zote zilikuwa tupu. Hakuna mwingine aliyefika pale tangu Oktoba. Mshenzi niliyekuwa namtukana ni mimi, na nilikuwa nimegonga jina langu chini ya maneno ya mwanangu bila kuyatazama.

"Labda tukilikausha nyumbani," Ambrose alisema, "polepole, karibu na jiko..."

"Macho yako ni mazima kuliko yangu. Nisomee."

Aliinama juu ya doa lile, akaligeuza kwenye mwanga huku na huku.

"Hakuna kitu, ndugu yangu," alisema.

Nikamwambia asome tena.