Kopo Chini ya Gari

Sijui kungoja. Mtu akiniambia "keti, Edina," ndipo miguu inaanza kuwasha. Kwa hiyo siku ile Mzee Abbasi alipofuata gari lake pale kwangu Mkonze, nilikuwa nimeshafagia uwanja mara tatu na kufuta boneti isiyo na vumbi. Lilikuwa gari la kwanza kuletwa kwangu tangu karakana ya serikali ilipotupunguza kazini, mwaka tisini na sita. Injini nzima nilikuwa nimeishusha na kuisuka upya. Watu walipita makusudi kumwona mwanamke aliyefungua karakana chini ya mabati manne.

Kaka yangu Charles naye alikuwepo. Alikuja tangu Jumapili kutoka Chamwino kunichukua. "Shamba lipo, jembe lipo," alisema. "Hilo gari likikushinda, tunaondoka wote." Na alikuwa anasema kweli. Abbasi ni mfanyabiashara wa Kondoa, anazunguka kila mnada hadi Chemba, na maneno yake yanafika mbali kuliko gari lake. Akinisema vibaya, nani tena ataniletea injini? Na mimi shamba sitaki. Nililikimbia nikiwa na miaka kumi na saba.

Abbasi akazunguka gari, akawasha. Injini ikanguruma vizuri, moyo wangu ukatulia kidogo. Akazima. Nami, bila kuwaza, nikaokota kopo la maziwa nikalisukuma kwa mguu chini ya gari, usawa wa nyuma ya injini.

Akalitazama. "Mama fundi, hilo la nini?"

"La kukingia oili, mzee."

"Oili ipi? Si umeshatengeneza?"

Kule karakana ya serikali kila gari lilikuwa na kopo lake. Ukiegesha unaweka kopo, asubuhi unamwaga. Dereva akikabidhiwa ufunguo, anakabidhiwa na kopo. Miaka kumi na tisa sikumsikia mtu akiuliza swali hilo.

"Uani kwangu Salma anaanika ulezi," Abbasi akasema taratibu. Salma ni mkewe. "Gari nililileta kwa sababu linavuja. Nitarudi Jumamosi. Nikikuta kopo, gari nalikokota kwa kamba hadi kwa fundi mwingine."

Akaondoka. Charles akacheka peke yake, nikatamani kumrushia spana. Nikachutama kuangalia. Tone moja lilikuwa limeshaanguka ndani ya kopo.

Siku hiyo hapakukalika. Nikainua injini tena kwa mnyororo juu ya magogo matatu, nikaipindua, nikafungua sampu, lile bakuli la chini linalobeba oili. Nyuma kabisa kuna kepu ya beringi, kipande cha chuma kinachobana mkia wa krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ubavuni mwake kuna vijifereji viwili, na katika kila kimoja unasukuma ukanda mwembamba wa mpira ili oili isipenye. Hapo ndipo palipolowa, kulia na kushoto. Nikasema basi, mipira ni feki, maana siku hizi maduka ya spea yamejaa kila kitu na kila kitu kinang'aa. Nikamtukana mwenye duka njia nzima hadi mjini, na yeye hata hanijui vizuri.

Akanipa pakiti nyingine. Nikaichana palepale, kikaratasi kikaanguka. Karakana tulikuwa tunapewa mipira mitupu mkononi, vikaratasi sijui viliishia stoo gani. Ile pakiti ya kwanza niliitupa bila kuchungulia, si mimi najua kazi. Kwenye kikaratasi palikuwa na picha ya kepu, na ncha za mipira zimechomoza nje, unene wa ukucha hivi. Nikaigeuza picha juu chini. Zimechomoza vilevile.

Mimi nilikuwa nimezikata. Sote tulikuwa tunazikata. Msimamizi wetu, Mzee Bartolomayo, kabla sampu haijafungwa alipitisha kiganja chini ya injini, na chochote kikimgusa, unarudia. Alikuwa mtu mwema, wala simsemi. Lakini kabla ya kuletwa kwenye magari alikuwa anasimamia maseremala, na kwao kinachochomoza kinakatwa. Ncha zile zinaachwa ili sampu ikikazwa izigandamize, mpira uvimbe na kujaza kijifereji. Ukizikata sawa na chuma, hakuna kinachobanwa, oili inajitokea.

Nikalia mbele ya duka la watu, na sioni aibu kusema. Miaka kumi na tisa nilikuwa nakinga kosa langu mwenyewe kwa kopo, nasema ndiyo tabia ya magari.

Ijumaa nikasukuma mipira mipya, nikapaka gundi ya silikoni kwenye kona, nikaacha ncha. Loo, zilivyonikera. Wembe ulikuwa mfukoni, na mara mbili mkono ulikwenda wenyewe. Mara ya pili nikampa Charles ule wembe.

"Usinirudishie hata nikikuomba."

"Edina, una homa?"

"Shika tu, kaka." Nikakaza sampu kabla sijabadili mawazo.

Jumamosi Abbasi alikuta uwanja umefagiliwa na kopo halipo. Akawasha gari, akatoa leso yake nyeupe, akaitandika chini usawa wa nyuma ya injini, kisha akaomba chai. Alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Mimi nilikwenda mlangoni nikarudi, nikapanga spana, nikazipangua. Charles alikuwa ameshashika begi.

Abbasi akaweka kikombe chini, akazima injini, akangoja tena kidogo. Kisha akapiga magoti na kanzu yake na kuivuta leso. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Shemeji yangu wa Chemba ana gari kama hili," akasema. "Linavuja tangu nimjue."

"Mwambie alilete."

Gari lilipokata kona, nikakaa chini kwenye vumbi. Charles akanirudishia wembe wangu. Akasimama hapo, begi begani, anaona haya.

"Lile kopo bado unalitaka?" akauliza. "Kuku wangu hawana cha kunywea maji."

Nikalisugua kwa mchanga na sabuni mpaka likaacha kunuka oili. Kaka yangu alikuja Mkonze kunichukua mimi, akapanda basi na kopo.