Jiwe la Mpaka Lilipoteremka Barazani

Evelina, karani wa Wakili Prudencia, ndiye aliyenisimulia haya, Ijumaa moja ya Kwaresima iliyopita, tukichambua maharage nyuma ya kanisa. Hakuinua macho kwenye ungo hata mara moja.

Ilianza Jumatatu, anasema. Wakili Prudencia alikuwa ofisini kwake Mirongo, Mwanza mjini, anakunywa chai kwa kiazi kitamu, mlango ameufunga kwa ndani kwa sababu Revocatus, mwandishi wa habari, alikuwa amesimama nje.

"Dada wakili, nipe mstari mmoja tu," Revocatus alisema kupitia tundu la ufunguo. "Mwenzako Alexander kanijazia daftari. Anasema Mama Bernadeta ni mvamizi."

"Shauri liko mbele ya baraza la ardhi. Sina la kusema."

"Basi usiseme. Nipeleke tu nikalipige picha hilo jiwe."

"Nalo liko mbele ya baraza."

Ilikuwa mara ya tatu kumjibu hivyo. Prudencia alikulia Bukoba kwa baba mwalimu, na kwao mtu mwenye haki hapayuki. Tena haki ya mteja wake, Mama Bernadeta, aliiona imekaa vizuri ndani ya faili: hati ya mwaka 1979 yenye dole gumba la marehemu mumewe, mzee Shimba, ikisema kiwanja chao cha kule mlimani kinaishia kwenye jiwe lenye ufa. Jiwe hilo lilikuwa upande wa juu wa nyumba, kubwa kama zizi, na Mama Bernadeta alianikia nguo hapo. Mwenye hoteli ya jirani alidai jiwe la kwenye hati ni lile dogo la mlangoni, la kukalia. Kwa hesabu yake, kizingiti ni cha Mama Bernadeta, nyumba ni ya hoteli. Baraza lilipanga kupanda kujionea siku ya Alhamisi.

Jumanne jioni Alexander, wakili wa hoteli, alisema redioni kwamba lile jiwe kubwa halihusiki na lolote. Mtangazaji alieleza kwamba upande wa pili ulitafutwa, haukupatikana. Redio ya Mama Bernadeta huwa inakaa juu ya jiwe.

Jumatano alfajiri jiwe likaweka redio chini, likateremka mjini. Lilikwenda taratibu, likipisha watoto wa shule. Trafiki alisimamisha bodaboda likavuka. Saa nne lilikuwa uwanjani kwa baraza, likisubiri kuitwa.

Karani wa baraza alilitokea dirishani akaliuliza jina, umri na dini. Mwenyekiti alingoja kwa heshima, kisha akaandika kwamba shahidi ameshindwa kuapa, hivyo hatasikilizwa.

Waandishi walikuwa wameshajaa. Siku hiyo Prudencia alifungua mlango wake, akaenda mbio na karatasi alizochapa Evelina asubuhi ile: ukurasa mmoja, mambo matatu. Hati inasema nini. Jiwe lilisimama wapi. Nani atakosa pa kulala.

Waandishi walizipokea kwa adabu, wakajikingia jua.

"Wakili, linakula nini?"

"Soma jambo la pili hapo, tafadhali."

"Ni la kike au la kiume?"

Revocatus peke yake ndiye aliyeisoma. Akamvuta pembeni. "Dada, twende juu sasa hivi nikapige picha shimo lilipotoka."

"Kesho baraza litaliona lenyewe. Tusiwatangulie."

Alhamisi baraza likapanda. Pale upande wa juu wa nyumba hapakuwa na jiwe, wala shimo. Palikuwa na maua ya hoteli, yamemwagiliwa vizuri. Jiwe dogo la mlangoni lilikuwa na ufa mnyoofu, na vumbi jeupe la patasi bado liko chini yake. Alexander akanyoosha kidole. Prudencia akapinga, akaonyesha vumbi. Mwenyekiti akauliza kama ipo picha yoyote ya zamani. Hapakuwa na picha. Akaandika: jiwe moja, ufa mmoja.

Magazeti ya Ijumaa yalisema JIWE LATEMBEA MWANZA. Ndani, kwenye mstari wa mwisho, alitajwa mwanamke mmoja.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili, na nyumba ikavunjwa siku ya tatu yake. Jiwe likahamia nje ya ofisi ya Prudencia. Mgambo wa jiji waliliambia lisogee kidogo, likasogea. Mama Bernadeta akaweka magodoro na masufuria yake upande wa kivulini.

Siku hizi mlango wa Prudencia hushinda wazi, na simu anapokea zote. Mchana mmoja alipiga Revocatus.

"Dada, mhariri anauliza litatembea tena lini."

"Andika kwamba huyu mama amevunjiwa nyumba."

"Nimeandika mara mbili. Wanakata. Wanabakiza jiwe."

Prudencia akatoka nje, ile karatasi ingali mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa mwanangu, lina joto zuri." Mama Bernadeta alijisogeza, akaligonga jiwe kwa kiwiko. "Miaka arobaini hili linanichungulia nikioga, halijamwambia mtu. Siku moja tu limetaka kusema, wakaliuliza dini."

Akacheka kidogo. Kabla hajamaliza kucheka alikuwa amesinzia, mdomo wazi, na watalii wawili wakainama kumpita ili ufa uonekane vizuri kwenye picha. Prudencia aliwapa karatasi. Wakamshukuru, wakamrudishia. Akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye ufa pamoja na zile nyingine, akaegemeza kichwa mahali penye joto, naye akalala.