Mguu wa Anyesi

…na bado anasubiri, kidole kiko juu ya kitufe, kompyuta yake ndogo imelala kwenye kiti cha abiria na waya umeingia chini ya usukani wa gari letu dogo, Vitz, na alichosema ni jambo la kawaida kabisa kwa fundi wa Ngarenaro, kwamba programu mpya itaongeza nguvu kidogo, si miujiza, injini yenyewe ni ndogo, ila kwanza itafuta yale ambayo gari limejifunza kwa dereva wake, anavyokanyaga mafuta, anavyoachia, tufute, mzee? na mimi niliyelileta mwenyewe natazama pedali, mpira wake umelika upande wa kulia, mke wangu Anyesi alikuwa akikanyaga kwa ncha ya kiatu, taratibu, halafu ghafla, kama aliyekumbuka sufuria jikoni, na ndiye aliyeyataka haya, ndiye aliyempata fundi huyu, Derick, akaja kunieleza kwamba kuna kijana anaongeza nguvu bila kufungua injini, kwa bei ya watu kama sisi, yote kwa ajili ya kile kilima cha kwenda kwa mama yangu juu ya Tengeru, gunia la mchele nyuma, gari linahema, "Baba Nancy, bajaji imetupita, na dereva ametupungia mkono," akacheka mpaka akasimamisha gari… halafu figo zikakataa, na kilima kile akakipanda kwa gari la kanisa, amelala, gari lile halikuhema hata kidogo… siku ya kuanua matanga wanawake wa pande zote mbili walikaa mkekani wakagawana nguo zake, ndivyo ifanyikavyo kwetu, vitenge, viatu, hata sweta la kijani, sikuzuia, nilikaa na wanaume nikanywa chai, kwa sababu nilijiambia gari lipo, ndani ya kile kisanduku cha kumbukumbu za gari nyuma ya dashibodi umebaki mguu wake, hakuna shangazi wa kuuvaa… Derick anakohoa, anaunganisha betri ya pili kwa nyaya nene, ananieleza ingawa sikuuliza, umeme usije ukakatika katikati, anasema, na hata siku za kawaida, haya magari madogo ukiyatoa betri yanasahau, yanaanza kujifunza upya, na anaendelea kuhusu plagi na mafuta ya kuchanganya lakini simsikii, betri… jioni ya kuamkia maziko umeme ulikatika, kwaya imeshafika, spika kimya, na Elihuruma, kaka yake, akanijia uani, "Shemeji, tuchukue betri ya gari lako, dada asiimbiwe kwa sauti ndogo," na nikasema chukueni, nikamshikia tochi, nikamwonyesha nati ya kufungua kwanza, hasi kabla ya chanya, mimi mwalimu wa fizikia, nikiona fahari kwamba nafaa kitu, na waliimba vizuri, ilisikika mpaka barabarani, na gari likabaki na boneti wazi hadi wageni walipotawanyika… kwa hiyo alikwisha kutoka, alitoka usiku ule ule, wakati wanamwimbia, na kinachokaa mle ndani tangu siku hiyo ni cha nani, cha mtu anayekwenda shuleni na kurudi, anayegusa mafuta kana kwamba pedali ina jeraha, ambaye hajakipanda kilima kile tangu maziko, anayemwambia mama yake kwenye simu kwamba gari halina nguvu, na mama anajibu haya mwanangu, ukilitengeneza utakuja… huyo ndiye niliyekuwa namlinda, nikiwasha gari asubuhi polepole nisije nikamvuruga… "Mzee wangu, tufute?" kidole kiko palepale, feni ya kompyuta inavuma, huko nje mtu anagonga bati, na natafuta neno moja tu, dogo, la kumwambia kwamba afute, mle ndani nimebaki mimi…