Saa Nne Juu ya Matumbawe

Uvumi ulimfikia Pelagia siku ya Alhamisi, sokoni Manyamanyama, akiwa ameinama anachagua dagaa. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari za pwani, kwa sauti ya mtu aliyefika akarudi.

"Bahari si kama ziwa, dada yangu. Inaondokaga. Unaiacha hapa, ukirudi imekwenda kule mbali, imeacha mawe yanaota jua na samaki wanarukaruka kwenye vidimbwi."

"Inaendaga wapi?"

"Nitajuaje? Inaendaga tu."

Wakacheka, na Pelagia naye akacheka. Lakini kwenye bodaboda ya kurudi kwao Guta, kando ya ziwa, kicheko kilimwisha. Binti yake, Dorah, alikuwa huko huko pwani, na hakwenda kutembea. Alikuwa kwenye mashindano ya kulipwa ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mbele ya mwamba wa matumbawe. Kama maji yanaondoka, mtoto anabaki juu ya nini?

Alijiambia ni maneno ya sokoni. Usiku yakamrudia. Ijumaa alipokuwa analima mihogo yakamrudia tena, mpaka akakata shina zima badala ya magugu.

Dorah alianza mchezo huo hapo hapo Guta, juu ya kipande cha mbao cha mtumbwi uliovunjika. Mchana upepo wa ziwani unapogeuka, mawimbi yanapiga kwenye mawe, na yule mtoto alikuwa anasimama juu ya mbao kama mtu aliyesimama sebuleni kwao. Wazee wakasema ni wazimu. Mama yake hakusema hivyo. Pelagia alizaliwa kwenye rasi upande wa Musoma, kwa baba mvuvi, na alilijua ziwa. Alichofanya ni kumfundisha mwanae kuweka alama.

Alama zinawekwa hivi. Unachagua vitu viwili vya nchi kavu, mti na paa la nyumba, kimoja mbele na kingine nyuma. Vikikaa kwenye mstari mmoja, unajua jiwe gani liko chini yako na maji yake ni kiasi gani. Halafu unashika saa. Ziwa lina ratiba: asubuhi upepo wa nchi kavu na maji yametulia, mchana upepo unageuka. Jiwe lililokuwa na maji ya kifua leo saa nne, kesho saa nne lina maji ya kifua. Baba yake Pelagia alivua miaka arobaini kwa alama na saa, na hakuwahi kupasua mtumbwi.

Mwalimu Luhende, mtu wa Mwanza anayefundisha kuogelea, aliona video ya Dorah kwenye simu ya mtu. Akaja, akaomba ruhusa, akampeleka pwani. Sasa Guta nzima ilikuwa inatembea kifua mbele.

Ijumaa jioni Dorah akapiga simu.

"Mama! Nimeingia fainali! Kesho saa nne asubuhi. Tumebaki wasichana wanne tu."

"Asante Mungu. Alama umeweka?"

"Tangu Jumamosi ile niliyofika. Mnazi uliopinda na bati jekundu. Vikikaa mstari mmoja niko juu ya matumbawe, lakini maji yananifika kifuani. Kushoto kuna jiwe kubwa, nalo limezama kabisa."

"Uliweka saa ngapi?"

"Saa nne. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Dorah, kuna watu wanasema bahari inaondokaga."

Mtoto akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Inashukaga kidogo, nimeona ufukweni. Lakini wiki hii tumeshindana jioni tu, maji tele. Na saa nne nilishaipima mimi mwenyewe, Mama. Wewe kesho kaa uangalie mwanao."

Mtoto alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa, hajaruka hata kimoja. Pelagia alitakiwa afurahi, na hakufurahi.

Jumamosi saa tatu kasorobo alikuwa mlangoni kwa Mwanaupe, mke wa Abdulkadiri fundi cherehani, pale Manyamanyama. Mwanaupe alizaliwa Tanga, na miaka ishirini ya Bunda haikumtoa Kiswahili chake.

"Mama Dorah! Karibu, chai ipo."

"Sikuja kunywa chai. Nijibu kitu kimoja tu. Ni kweli bahari inaondoka?"

Mwanaupe akamtazama aone kama ni utani. "Kweli mbona. Ndiyo maji kupwa hayo. Yanakupwa, yanajaa, mara mbili kwa siku. Sisi tukiwa watoto tulikwenda kuokota pweza palepale walipopita watu na ngalawa."

"Kwa hiyo yanakupwa saa ngapi? Niambie saa."

"Saa ipi, shoga yangu? Bahari haifuati saa ya ukutani, inafuata mwezi. Kila siku inasogea. Leo saa nne maji yamejaa, baada ya wiki moja saa nne hiyo hiyo unakuta pakavu."

"Wiki moja?"

"Wiki moja. Na usiku wa jana mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo hizi siku ni za bamvua. Maji yakienda yanakwenda kweli kweli, kimo cha mtu mzima na zaidi, na..." Mwanaupe akamshika mkono. "Fainali ya Dorah ni saa ngapi?"

Pelagia alikuwa ameshatoa simu. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika hamsini. Simu ya Dorah ilikuwa imezimwa. Akapiga ya Mwalimu Luhende. Mara ya kwanza haikupokelewa, na ya pili hivyo hivyo. Ya tano ikapokelewa.

"Mama Dorah, shikamoo, tuko bize kidogo."

"Marahaba. Nipe Dorah."

"Haiwezekani, mama. Yuko na wenzake, anajiandaa. Mchezaji hapewi simu kabla ya fainali, inamvuruga."

"Mwalimu, maji yamekupwa?"

"Yameshuka, ndiyo. Waandaaji walishatueleza. Wanasema wimbi linasimama vizuri zaidi yakiwa machache, na ndiyo saa waliyoomba watu wa televisheni."

"Wewe ni mtu wa ziwa kama mimi. Uliwahi kuona maji ya hivyo?"

"Mama, hawa ni wataalamu."

"Sikukuuliza wao ni nani. Mwanangu amepima mwamba siku maji yalipojaa, anadhani ndiyo maji ya leo. Mpe simu."

"Mama, naomba ukae utulie, umuombee."

"Nimeshamuombea. Sasa mpe simu. La sivyo nitapiga mpaka betri yako ife, halafu nitampigia mkeo, halafu nitakuja huko kwa miguu. Unanijua?"

Mwanaupe alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mwisho zikasikika hatua juu ya mchanga, na upepo, na spika inayotangaza majina.

"Mama? Kuna msiba?"

"Bado hakuna. Uko wapi?"

"Nyuma ya hema. Nimeshavaa, nimebakiza kupaka nta ubao. Mama, wanaanza saa nne kamili!"

"Toka nyuma ya hema uangalie maji."

"Alama zangu ziko palepale, Mama, mnazi na bati..."

"Mnazi hauogelei, Dorah! Umeota, utakuwepo tu. Ninakuuliza maji. Lile jiwe kubwa la kushoto, ulilosema limezama. Liangalie, uniambie lina maji kiasi gani."

Akasikia mtoto anatembea. Akasikia anasimama.

"Mama."

"Sema."

"Kuna ndege amesimama juu yake."

Pelagia akakaa chini, palepale sakafuni kati ya vitambaa vya Abdulkadiri. "Kwa hiyo pale utakapoangukia pana nini?"

"Maji ya goti. Pengine hata goti hayafiki." Sauti ikawa ndogo. "Nilikuwa sijatoka nje kuangalia. Nilijua saa nne nimeshaipima."

"Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Nilikupa saa za ziwa ukaenda nazo baharini. Kosa ni langu, nililipie mimi, lisilipiwe na shingo yako. Usiingie."

"Watanifuta."

"Wakufute."

"Guta nzima inaangalia!"

"Guta nzima haikukuzaa."

Simu ikakatika. Pelagia hakujua kama mtoto amekubali, au mwalimu ameinyakua. Akapiga tena, imezimwa.

Wakakimbilia Guta kwa bodaboda, kwenye kibanda cha video cha Machage, shemeji yake Pelagia, ndugu wa mumewe. Machage alikuwa ameweka viti mpaka barabarani. Watu walishangilia walipomwona mama wa mchezaji, wakampisha mbele kama bibi harusi. Yeye hakumsalimia mtu, macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Mawimbi yalikuwa mazuri, lazima aseme ukweli. Yalisimama marefu, ya kijani, yakajikunja kama mkeka. Lakini kila lilipovunjika, nyuma yake mwamba ulitokeza, wa kahawia, wenye meno.

Wasichana wanne walitoka kwenye hema na fulana za rangi. Watatu wakaingia majini. Dorah, mwenye fulana nyekundu, akatembea na ubao wake mpaka mbele ya jukwaa la majaji, akauchomeka mchangani, akakaa chini. Mtu wa waandaaji akamwendea, akaonyesha saa ya mkononi. Dorah akatikisa kichwa. Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni kwake, na kibanda kizima kikamsikia:

"Mimi siogopi wimbi. Mimi natoka kwenye mawe. Hapa sasa hivi hakuna maji. Yakirudi nitaingia, hata iwe jioni. Msiponisubiri, nifuteni."

"Aisee!" Machage akapiga paja. "Shemeji, huyu mtoto amepatwa na nini? Ametuaibisha!"

"Hajapatwa na kitu. Nimemwambia mimi."

"Wewe? Darasa la saba la Musoma ndiyo unawafundisha wazungu bahari?"

"Darasa la saba nilimaliza, shemeji. Wewe uliishia la tano, na televisheni unaiwasha."

Watu wakaangua kicheko, lakini kilikuwa kifupi. Mtangazaji alikuwa ameanza kutania kwamba binti wa maji baridi amekumbuka kwao. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akatema mate, akaondoka. Mwingine akasema ndiyo shida ya kutuma wasichana. Pelagia alikaa wima. Mikono aliikalia.

Dakika ya kumi na moja, msichana wa fulana ya njano alishika wimbi kubwa kuliko yote. Alisimama vizuri, akageuka vizuri. Wimbi likajifunga mbele yake. Alirukia mahali ambapo siku nyingine pangekuwa na maji.

Hakuna aliyecheka tena. Walimtoa wanaume wawili, mkono mmoja unaning'inia, mgongo umechanika kuanzia bega mpaka kiunoni. Baadaye walisema atapona. Filimbi ikapigwa, mashindano yakasimamishwa mpaka maji yarudi.

Yalirudi saa tisa. Waliendelea wawili, mmoja akashinda, akavalishwa shada. Dorah hakurudishwa. Kanuni zilisema aliyekataa kuingia amejitoa, na majaji hawakubadilisha hata nukta.

"Wamenifuta, Mama," alisema kwenye simu jioni. Alikuwa amelia, ilisikika.

"Magoti yako mawili unayo?"

"Ninayo."

"Basi rudi nayo nyumbani."

"Mwakani nitakwenda tena. Usinikataze."

Pelagia alitaka kumkataza. Neno lilifika kwenye meno. Akamkumbuka alivyokaa pale mchangani na watu wote wanamtazama, akalirudisha.

"Sitakukataza. Lakini hutakwenda na saa zangu."

Jumatatu wasichana sita walikuwa kwenye mawe ya Guta, kila mmoja na kipande cha mbao. Mama zao walikuja kwa Pelagia, wengine kulalamika, wengine kuuliza. Machage akasema Pelagia awafukuze hao wasichana. Pelagia alimwambia awafukuze yeye kama ana mbio. Kisha akamwita Mwanaupe, wakakaa na karatasi ya boksi na kalamu nene. Walichoandika kiko kwenye ukuta wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, mpaka leo:

Usiingie kwenye maji usiyoyajua kwa alama ulizoweka kwenye maji unayoyajua.

Usipime bahari kwa saa. Uliza mwezi una siku ngapi.

Usiamini kipimo cha wiki iliyopita, hata kama ulipima mwenyewe.

Usikae ndani ya hema. Toka uangalie maji kwa macho kabla hujavaa.

Usiingie kama mawe yametokeza, hata kama wenzako wote wameingia.

Usimkubali mwalimu anayekuzuia kuongea na mzazi.

Usiingie kwa sababu televisheni inasubiri.

Usiingie kwa sababu kijiji kinaangalia.

Mzazi, usiseme "ni maneno ya sokoni" kabla hujauliza.

Usimcheke aliyekaa mchangani.