Lori la Mkwe Bombani

Zamani, bati la kota likivuja ulimlaumu meneja wa kiwanda. Bomba likikauka, meneja. Mbuzi akitafuna shati kwenye kamba ya nguo, meneja vilevile, hata kama mbuzi alikuwa wako na shati lako. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Kiwanda cha kuchambulia pamba kikauzwa, kota zake pale pembezoni mwa Bariadi wakauziwa walewale waliokuwa wakizikalia, na meneja akaondoka pamoja na kiti chake. Watu wa kota wakabaki wanatazamana. Kwa mara ya kwanza maishani walikuwa na nyumba zao, na hawakuwa na mtu wa kumlaumu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa vurugu tupu. Kila mtu alikuwa mwenye mali na hakuna aliyekuwa mwenye uwanja. Mikokoteni, matela, pikipiki na gari bovu la mwalimu Joakim vililala popote vilipochokea. Bomba la kupampu kwa mkono, lililokuwa moja kwa kota zote, liling'oka mpini na kila mmoja akasubiri mwenzake aanze. Ndipo walipoita mkutano, wakaunda umoja, wakapanga ada ya kila mwezi kwa ajili ya mlinzi na vipuri vya bomba, na kumchagua Apolonia kuwa mwenyekiti.

Apolonia alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Alikuwa amewalisha wote. Alijua nani husema ameshiba akiwa mbele ya watu, kisha hurudi na sahani mlango wa nyuma. Mtu aliyekujua hivyo humdanganyi sana kwenye mkutano. Baadhi ya wanaume walisema mwenyekiti mwanamke ni jambo la majaribio tu, kama mbegu mpya. Naye akajibu kwamba mbegu mpya hupandwa shamba lililowashinda wenye mbegu za zamani. Wakacheka, wakampa kura.

Na kota zikapendeza. Mitaro ikachimbuliwa. Ukumbi wa zamani wa wafanyakazi ukapakwa chokaa, harusi zikaanza kufanyika humo. Banda kubwa la matrekta likawa mahali pa kuegesha, kila chombo na nafasi yake, na sheria ilikuwa nyepesi kukumbuka: kila chenye magurudumu kinalala bandani, sakafu ya bomba ni ya ndoo na watu. Aliyekosa aliadhibiwa kuleta mchanga wa kujazia uwanja. Jumapili, watu wa mjini walianza kupitapita hapo, wakijifanya wamepotea njia ya kanisani. Apolonia aliwaona kupitia dirisha na kumwambia mumewe Anatoli, fundi mstaafu wa mashine, kwamba leo tena wamepotea. Anatoli alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitikia kwa kukohoa.

Sasa, mwenye kuwaharibia watu raha huwa hatoki mbali. Alikuwa Shija, mume wa binti yao Esteria. Kijana mchangamfu, mchapakazi, mwenye kupenda kofia nzuri. Ruhusa ya watu binafsi kununua pamba ilipotoka, aliuza ng'ombe wa urithi, akaongeza na alichokuwa nacho, akapata lori la buluu. Kwenye paji la lori aliandika kwa rangi nyeupe: SOKO HURIA. Akanunua na nyumba ya kota iliyotazamana na bomba, na lori akaliegesha palepale bombani, mlango wa dereva ukitazama mpini wa pampu. Alisema banda liko mbali, na yeye anataka kuyaona matairi yake akiwa kitandani.

Wanawake wakawa wanajipenyeza ubavuubavu na ndoo. Oili ikadondoka kwenye sakafu waliyoisugua wenyewe. Shija alipoulizwa alijibu kwa adabu nzuri kwamba ada yake amelipa mapema kuliko wote, na kama uwanja ni wa wote, basi naye ni mmoja wa hao wote.

Ungedhani ni jambo dogo: mwenyekiti amwite, amwambie, yaishe. Lakini Apolonia hakuweza kumwita. Kwa desturi yao ya Kisukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja hukata kona. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawagombani. Mama akishtukizwa na mkwe karibu, hujifunika kichwa kwa kanga mpaka mwingine apite. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kulegeza. Apolonia hakuwa amelegeza hata kidogo, wala Shija, ambaye bibi yake wa Ipililo alimlea kwa fimbo na heshima kwa vipimo sawa.

Kwa hiyo Apolonia akamtuma katibu wa umoja, Luhaga. Luhaga alikuwa mtani wa kila mtu, na mpaka leo haijulikani kama alikwenda kusuluhisha au kuchochea. Alirudi na jibu kwamba Shija anamheshimu sana mwenyekiti, na agizo la mwenyekiti atalipokea kutoka kinywani mwa mwenyekiti mwenyewe. Apolonia akamtuma mumewe Anatoli. Anatoli alirudi amekunywa soda baridi, akakohoa, akakaa.

Kumtuma Esteria alikataa. Binti alijitolea mwenyewe siku moja wakichambua mboga, lakini mama yake alimkatiza. Alimwambia kwamba ndoa si njia ya kupitishia maneno ya vikao. Leo apeleke la lori, kesho atapelekewa la mlinzi, na mwisho kitanda chao kitakuwa na ajenda.

Mkutano wa kota ulipoitishwa, Shija alifika mpaka nje ya ukumbi akasimama mbali kidogo. Alituma neno kwamba asingeweza kuingia alimo mama mkwe, lakini anaunga mkono mambo yote mazuri. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hata Apolonia alicheka, ila kicheko chake kilikwisha mapema. Joakim akasimama akasema, bila ubaya, kwamba gari lake nalo lingependa kukaa karibu na maji. Mwingine akasema mkokoteni wake pia. Ndipo Luhaga alipotamka lile ambalo wengine walikuwa wakilimeza.

"Mayu, mama yetu, sisi tunakupenda. Lakini kama sheria inafika kwa mkwe inakata kona, tuambie tu, na sisi tuoe kwako."

Apolonia hakulala vizuri. Si kwa sababu ya mzaha. Kwa mizaha alikuwa amelelewa. Alijua kwamba kikao kijacho, kama lori lingali bombani, itabidi aachie uenyekiti. Mtu mwenye haya hawezi kumwagiza Joakim atoe gari lake ilhali la mkwewe linadondosha oili kwenye ndoo za watu. Na akiondoka yeye, haikuchukua akili nyingi kuona uwanja ule utarudi kuwa wa nani: wa mwenye magurudumu makubwa.

Ulikuwa msimu wa pamba, na pia ndio wakati viazi vitamu vinakatwa na kuanikwa kuwa michembe. Asubuhi moja Apolonia alisikia uani kwa Esteria kwamba Shija anakwenda Lagangabilili kubeba pamba, na kwamba mnunuzi mwingine naye anaikodolea macho pamba hiyohiyo. Apolonia akanywa uji wake. Akachukua kigoda, kisu, ungo na gunia la viazi, akaenda bombani. Akaweka kigoda chini ya mlango wa dereva wa SOKO HURIA, akaketi, akaupa mgongo mlango wa Shija, na kuanza kukata viazi vyembamba, taratibu, kama mtu asiye na safari yoyote duniani.

Shija alitoka akipiga mluzi, funguo mkononi na kofia mpya kichwani. Akapiga hatua kadhaa, akamwona. Mluzi ukakatika katikati. Akageuka kwa kasi akarudi nyuma ya ukuta wa nyumba yake, kama kuku aliyeona mwewe.

Bombani wanawake walikuwa tayari wamejaa. Wakaelewa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeondoka na maji yake. Wenye ndoo zilizojaa walizimwaga wakaanza kuchota upya ili wapate sababu ya kubaki.

Baada ya muda Esteria alitoka, uso umejaa kicheko alichokuwa akikizuia kwa meno. Akasema mume wake anaomba mama ampishe kidogo, ana haraka.

"Mama yako yuko nyumbani," Apolonia alisema, kisu hakikusimama. "Hapa yuko mwenyekiti, na ofisi ya leo iko hapa."

Esteria akarudi ndani. Shija alimtafuta Salu, dereva mstaafu wa chama cha ushirika, akampa funguo kupitia dirisha la nyuma na kumsihi alitoe lori mpaka nje ya geti. Salu alizungusha funguo kidoleni. Alisema lori atalitoa kwa furaha, lakini yeye ni mwanachama wa umoja na mikono yake inajua njia moja tu hapo kota, ile ya bandani. Akamrudishia funguo. Jua likapanda. Mtu alipita na baiskeli akasema mnunuzi mwingine ameonekana akielekea Lagangabilili. Alisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Shija hakuwa mjinga, na neno la Esteria alilitafuna vizuri. Mara sauti yake ikasikika kutoka nyuma ya ukuta.

"Mwambieni, kama hapo yuko mwenyekiti, basi mimi mwanachama nakuja kwa mwenyekiti wangu."

Pampu ikanyamaza. Luhaga, aliyekuwa ameegemea tangi la mafuta la lori, akavua miwani akaifuta ili asipitwe. Shija alitokeza, kofia ameishika mkononi, akaanza kuja. Alitembea kama mtu anayevuka mto usiku bila kujua kina. Apolonia alisikia viatu vyake kwenye changarawe. Alikuwa amejiandalia maneno tangu jana: kwamba kwenye bomba hakuna ukwe, kwamba sheria ni sheria. Aliyajua kwa moyo. Na viatu viliposogea karibu, mkono wake, bila kumwomba ruhusa, uliacha kisu, ukavuta kanga kutoka mabegani na kumfunika kichwa chote.

Akabaki hivyo, ameinama, haoni kitu ila maua ya kanga. Alisubiri watu wacheke. Mwenyekiti gani huyu, amejifunika kanga mbele ya mwanachama. Kiazi kilichokatwa nusu kilikuwa kimemponyoka magotini.

Hakuna aliyecheka.

Viatu vilisimama. Shija alikuwa amemwona mama wa mke wake amejifunika hadharani, juu ya sakafu ya bomba, chini ya lori lake yeye, mahali ambapo mama huyo hakuwa na pa kukatia kona kwa sababu lori limeziba njia yote. Hilo bibi yake wa Ipililo hakuwa amemfundisha kwa maneno; lilimshuka mwilini. Akaweka kofia chini, akachuchumaa palepale, akageuza uso nyuma ya pampu, upande usio na mtu.

"Salu," alisema. "Bhabha, mzee wangu, chukua funguo. Lipeleke bandani. Na mchanga nitaleta, tripu mbili, moja ya leo na moja ya ubishi."

Wanawake waliunga mstari kati ya hao wawili, kanga zimetandazwa kama pazia, mpaka Shija akapita. Salu aliwasha lori. Apolonia akanyanyuka na kigoda chake akiwa bado amefunikwa, Esteria akamshika mkono, na SOKO HURIA likarudi nyuma polepole, likazunguka ukumbi, likaingia bandani kati ya gari la Joakim na tela la maksai. Salu alilinyoosha mara mbili, ingawa lilikuwa limenyooka. Ndipo Shija akakimbia bandani, akalipokea kutoka nafasi yake halali kama wenzake wote, na kutoka nalo getini kwa mwendo wa maharusi, ingawa pamba ilikuwa ikimsubiri.

Apolonia alifunua kichwa. Jasho lilikuwa limemloanisha, na nywele zimesimama upande mmoja. Alitazama sakafu ya bomba, pana, tupu, ina doa la oili katikati. Akaomba sabuni na brashi. Luhaga alizileta mwenyewe. Alisema yeye hataki tena kuoa kwa Apolonia, mahari yake ni nzito.

Wakasugua wote, wakimwagiana maji na kucheka. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuja kuomba maji kutoka upande wa mjini, alikuwa ameshuhudia bila kuelewa sana. Alimwamkia Apolonia mwangaluka, kisha akauliza yule kijana mwenye lori la buluu ni nani, maana ameona watu wazima wakimpishia njia kwa kanga.

Apolonia alijinyoosha mgongo, brashi mkononi, povu mpaka kwenye viwiko.

"Yule?" alisema. "Yule ni mkwe wangu. Analala bandani kama wengine, na ana heshima kuliko wengine."

Akampa ndoo, akampisha kwenye pampu, nafasi ikiwa tele.